Kabla Hujachagua Gobore Lako la Kwanza

Chemutai mwanangu,

Umeondoka asubuhi na baba yako kwenda Chwele kumuaga bibi yako, na nyumba imebaki na mimi, ng'ombe, na sanduku lako lililofungwa kamba juu ya kitanda. Nimeshakamua, nimefua, na maharagwe yako jikoni. Mvua imeanza kunyesha hapa Kitale, kwa hiyo najua hamtarudi mapema. Nimekaa mezani nikuandikie, kwa sababu nikisema haya kwa mdomo mimi nitalia au wewe utacheka, na hatutafika popote.

Sitakuambia habari za sweta. Aunti Sella amekaa Marekani miaka mingi, atakufundisha kuvaa, kupanda basi na kuongea na watu wa benki. Kusali unajua. Mambo ya wanaume tulizungumza, na ulinijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Ninachotaka ni kujibu swali lako la Jumapili, lile nililolikimbia.

Tulikuwa tunachambua maharagwe. Ukaja na simu yako, macho yanang'aa.

"Mum, cheki. Anko Dale ametuma."

Huyo Anko Dale, mume wa dada yangu Sella, mimi namjua kwa sauti na ndevu tu, kupitia kioo cha simu. Alikuwa ameandika kwamba kwao, majani yakishapukutika, watu huwinda kulungu kwa bunduki za mtindo wa zamani, zile za kujazwa kwa mdomo wa mtutu. Akasema angependa kukununulia yako ya kwanza, iwe zawadi ya kukukaribisha. Alikuwa ametuma picha za bunduki tatu. Uchague.

"Nichague gani? Hii ya kuwaka na jiwe iko na swag."

Baba yako akajibu kutoka kwenye kiti chake kabla yangu. "Bunduki ya nini bana? Mtoto anaenda Malekani kusomea mambo ya ng'ombe, si vita."

"Si vita, Dad, ni kuwinda. Kule ni kawaida, hata wasichana wanafanya."

"Kawaida yao. Si yetu."

Akainuka akatoka nje. Ukanigeukia mimi, ukitarajia nikusaidie, na mimi nikasema, "Muulize baba yako," wakati baba yako ameshavuka boma. Nikaendelea kuchambua. Niliona ukiutazama mkono wangu wa kushoto, halafu ukazima simu ukaiweka mfukoni.

Umejua tangu utotoni kwamba mkono huu ulikatwa vidole na bunduki. Hujawahi kuniuliza ilikuwaje, nami sikuwahi kueleza. Haikuwa siri. Ni habari ambayo nikiianza nahitaji siku nzima, na katika nyumba yenye ng'ombe siku nzima haipatikani. Leo nimeipata.

Babu yako Kiboi alilima juu ya Kapsokwony, shamba la mwisho kabla ya msitu. Ukisimama mlangoni kwetu ungeweza kurusha jiwe likaangukia miti. Maana yake ni kwamba mahindi yetu yalikuwa ya kwanza kuonekana na kila kilichotoka msituni kikiwa na njaa. Nyani walikuja mchana bila haya. Nguruwe-mwitu walikuja alfajiri, na kundi moja likiingia, shamba lililala chini kama limepitiwa na gari. Ndiyo sababu babu yako alikuwa na gobore, lenye kibali. Chifu alilijua na polisi walilijua.

Wewe umeliona kwenye picha tu, kwa hiyo nikueleze lilivyofanya kazi. Unapima baruti na kuimwaga mdomoni mwa mtutu. Unaweka kitambaa kidogo na risasi ya duara juu yake. Unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu unaokaa chini ya mtutu, hadi vyote vikae chini vikibanana. Mwisho unavika fataki, kikofia cha shaba kidogo kama punje ya mtama, pale kinyundo kinapogonga. Ukifyatua, unapata mlio mmoja, moshi mwingi, na basi. Ukikosa, nguruwe anakuangalia na wewe unamwangalia.

Mimi ndiye kifungua mimba, na ndugu zangu walikuwa bado wa kubebwa, kwa hiyo alinifundisha mimi. Majirani walisema maneno. Yeye alijibu kwamba nguruwe haulizi aliyemfukuza ni mwanamume au mwanamke. Mara nyingi hatukupiga chochote. Alinifanya niweke baruti bila risasi, nifyatue hewani, nyani watimke wakitutukana kutoka mitini. Nilipenda harufu ile ya baruti. Nakwambia kweli, mpaka leo nikisikia harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, nafurahi kabla sijajua kwa nini.

Nilipofika umri kama wako, macho yake yalianza kuingia ukungu. Akaniambia, "Tafuta lako. Hili langu ni zito, litakuvunja bega." Tukamaliza mambo ya kibali kwa chifu kwanza, halafu tukateremka hadi kwa Mzee Ndiwa, Kaptama. Mzee Ndiwa alikuwa amezeeka, hana tena nguvu za kupanda msituni, na alikuwa na magobore mawili ya kuuza. Aliyalaza juu ya kitanda chake, sambamba, kama watoto wagonjwa.

Moja lilikuwa fupi, jeusi, kitako chake kimepasuka na kuungwa kwa bati na misumari. Mtutu wake ulikuwa mnene kama mchi. La pili, ah, la pili lilikuwa refu na jembamba, limepambwa misumari ya shaba kuanzia kitakoni hadi katikati, limepakwa mafuta likang'aa. Nililishika. Nilijiona nikipita nalo barabarani siku ya soko, na wale wasichana waliokuwa wakinicheka wakinipisha njia.

Babu yako hakuona vizuri, kwa hiyo aliyachunguza kwa mikono. Alipitisha kidole gumba kwenye mtutu wa lile refu toka mwanzo hadi mwisho. Akaingiza kidole kidogo mdomoni mwa mtutu, akakitoa, akakinusa.

"Umeangalia ndani?" akaniuliza.

"Nimeangalia."

Nilikuwa nimeweka jicho nikaona giza, kama mtu yeyote atakavyoona akichungulia bomba.

"Na umelisikia begani?"

"Nimelisikia."

Akakifuta kidole kwenye koti. Mzee Ndiwa akasema, "Binti, mimi sitakudanganya. Hili fupi ni baya kwa macho lakini limefanya kazi kila mwaka. Hilo refu lilikuwa la shemeji yangu. Limekaa ukutani sana."

Aliniambia, Chemutai. Aliniambia waziwazi, mbele ya baba yangu. Lakini mimi nilisikia kwamba halijachakaa. Niliposikia limekaa ukutani nilifikiri ni jipya. Sikujua kwamba baruti nyeusi huacha uchafu unaovuta maji, na kwamba gobore likipigwa mara moja na kutundikwa bila kuoshwa, linaliwa na kutu kutoka ndani huku nje linameremeta.

"Nachukua refu," nikasema.

Babu yako akasema, "Haya. Ni wewe utakayelibeba."

Lilinitumikia vizuri kwa muda. Nililiosha, nililipaka mafuta, hata nililipa jina, ambalo sitakuambia kwa sababu utacheka hadi uwanja wa ndege. Halafu ikaja asubuhi moja ya ukungu, mahindi yamekomaa, na nguruwe wakaingia. Nilijaza kama siku zote, kipimo kilekile. Nikapiga goti pembeni mwa shamba, nikalenga, nikafyatua.

Mlio haukuwa ule niliouzoea. Sikusikia maumivu. Niliona mabua ya mahindi upande wangu wa kushoto yamelala chini, nikajiuliza ni nani ameyakata. Halafu nikaona mkono wangu.

Babu yako alikuwa nyumbani. Aliusikia ule mlio akaujua. Alikuja kupitia mahindi, mikono mbele, anagonga mabua, anaita.

"Uko wapi? Ongea!"

"Niko hapa."

"Ongea tena! Usinyamaze, ongea nikufuate!"

Nikaanza kuhesabu kwa sauti, kama mtoto wa nasari, kwa sababu sikupata kitu kingine cha kusema. Akanifikia. Akavua shati, akaufunga mkono kwa kupapasa, akakaza mpaka nikapiga kelele. Jirani mwenye trakta akatuteremsha mlima hadi hospitali, na njia yote ile babu yako aliushikilia mkono wangu juu, juu ya kichwa chake. Kijana wa trakta alimwambia apumzike kidogo. Hakuushusha.

Vidole viwili havikuokolewa. Mtutu ulikuwa umepasuka ubavuni, pale ambapo mkono wa kushoto hushikilia.

Nilipoamka wodini nilimkuta kwenye benchi. Nilimwambia, "Baba, sikuangalia ndani vizuri." Nilisubiri anikaripie, kama nilivyostahili.

Akasema, "Mimi nilinusa kutu kwa Ndiwa. Nikanyamaza. Nilitaka uchague mwenyewe, nikafikiri kukuacha uchague ni mimi kukaa kimya."

Hakulirudia tena neno hilo maisha yake yote. Lakini mimi nimeishi nalo, na ndilo lililonifanya leo nitoe karatasi. Maana Jumapili nami nilinusa kitu, nikanyamaza, nikaendelea na maharagwe.

Kabla sijafika huko, nikuambie habari ya baba yako, kwa sababu umeondoka naye ukiwa bado umemkasirikia kidogo. Unajua kwamba tulijuana hospitalini. Hiyo hadithi ameieleza kila harusi, jinsi alivyokuwa akimuuguza bibi yako aliyevunjika mguu, jinsi alivyonipa chai ya flaski yao. Asichoeleza ni kwamba siku hiyo ya chai muuguzi alikuwa ananibadilishia kitambaa, na pazia halikuvutwa hadi mwisho. Aliona. Aliweka kikombe chini taratibu sana, akatoka nje, na kwa muda mrefu hakurudi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na akaniuliza kama nataka sukari zaidi. Kwa hiyo Jumapili alipotoka kwenda nje, usidhani ni kwa sababu wewe ni msichana. Alikuwa anakiona kile kitambaa.

Mkono ulipopona, Mzee Ndiwa alipanda hadi kwetu kwa miguu, na umri wake ule. Alikuja na lile gobore fupi. Aliliegemeza mlangoni, akaketi, akanywa maziwa, akataka kuondoka bila kulitaja. Babu yako alimfuata akamuuliza anataka nini. Akasema, "Nataka mtoto huyu asiogope." Basi. Nililitumia lile hadi nilipoolewa, kwa vidole vitatu, na halikuniangusha hata siku moja. Liliumiza bega tu, na hilo lilikuwa haki yake.

Sasa picha zako tatu. Uliponipa simu niliziangalia sana kuliko ulivyofikiri.

Ile ya jiwe, ambayo wewe umeipenda, Waswahili wa zamani waliiita gumegume. Jiwe linagonga chuma, cheche inaangukia kibakuli kidogo chenye baruti, moto unapita tundu dogo kwenda ndani. Ni nzuri kuitazama. Lakini inataka mkono uliozoea. Ukungu kidogo, unyevu kidogo, inakataa. Na kati ya kufyatua na kulia kuna kipindi kidogo ambacho mtu mgeni hutikisika. Ile ya tatu, yenye darubini juu, ni ya kisasa ingawa nayo inajazwa kwa mdomo, na sina la kuisema vibaya. Wanasema haisumbui kuosha na inapiga mbali. Kama Anko Dale atasema ndiyo salama zaidi, msikilize. Mimi tu naona mtu akianza na inayopiga mbali, anajifunza kupiga mbali kabla hajajifunza kukaribia, na mnyama aliyejeruhiwa mbali ni wa kufuatwa hadi giza liingie, huku anateseka.

Ningekuwa wewe ningechagua ile ya katikati, ya fataki. Haina mapambo. Unajua imewaka au haijawaka. Lakini hata hiyo usiikubali kwa picha. Mwambie Anko akupeleke dukani, uishike. Funga macho, iinue hadi begani kama vile hakuna anayekutazama, kisha fungua macho. Kama inatazama kule ulikotaka kutazama, ni saizi yako. Kama imekwenda kando, ni ya mtu mwingine. Izunguke nayo dukani mpaka muuzaji achoke, kwa sababu porini utazunguka nayo kutwa. Na ukinunua iliyotumika, usichungulie gizani kama mimi. Omba taa ishushwe ndani ya mtutu. Pitisha kitambaa cheupe chini mpaka mwisho, ukitoe, ukitazame. Kikija na wekundu wa kutu, shukuru na uirudishe, hata kama misumari yake ni ya dhahabu.

Na sasa nilichokinusa. Chemutai, wewe unatumia mkono wa kushoto.

Picha zile mbili za mtindo wa zamani, ya jiwe na ya fataki, vinyundo vyake viko upande wa kulia. Zimetengenezewa mtu wa mkono wa kulia. Ukiiweka kwenye bega lako la kushoto, kile kibakuli cha baruti au ile fataki inakuwa mbele ya uso wako, karibu na jicho. Moto wake na vipande vyake vinaruka kuja kwako. Anko Dale hajui, hajawahi kukuona ukishika hata kijiko. Wewe hukujua. Mimi nilijua mara moja, na nikasema, "Muulize baba yako."

Zipo zilizotengenezewa watu wa kushoto. Waulize dukani, zitafutwe, ziagizwe. Wanaweza kukuambia ni rahisi zaidi ujifunze kupiga kwa kulia. Unakumbuka mwalimu wako wa kwanza alivyokufunga mkono kwa leso ili uandike kwa kulia, ukawa unakuja nyumbani na tumbo linauma? Nilikwenda shuleni siku ile na gumboots za matope. Sikupiga kelele. Nilikaa nyuma ya darasa mpaka akaifungua ile leso. Sitaweza kuja kukaa nyuma ya duka huko Marekani. Itabidi ulisimamie mwenyewe. Na kama ya kushoto haipatikani, chukua ile ya kisasa, ambayo moto wake unafungiwa ndani katikati, au usichukue yoyote. Na hata ukipata ya kushoto, vaa miwani ya kukinga macho.

Mengine utafundishwa, lakini ukisikia mtu anafundisha kinyume na haya, rudi nyumbani. Tumia baruti nyeusi, au ile mbadala ambayo mtengenezaji wa bunduki amesema inafaa, na usiweke kamwe baruti ya risasi za kisasa, hata kidogo, hata ukiambiwa ni nusu tu. Hiyo ingepasua hata lile fupi la Mzee Ndiwa. Pima kwa kipimo, kwa kiasi walichoandika walioitengeneza. Uweke alama kwenye mdeki, moja ya mtutu mtupu na moja ya mtutu uliojaa, ili ufito wenyewe ukuambie kama kuna kitu ndani kabla hujaongeza. Ikigoma kulia, iendelee kutazama mahali salama na usubiri, usubiri zaidi ya subira yako. Na jioni ileile ioshe kwa maji ya moto, hata ukiwa umechoka, hata kama kuna wageni.

Nimesema nitajibu swali moja na karibu nimalize karatasi. Bado kuna jambo moja, nalo ni gumu kidogo kuliandika.

Unamkumbuka babu yako akiwa Kipsongo tu, mtaa ule wa hapa Kitale tulikokaa zamani. Unamkumbuka kwenye kile kiti nje ya chumba chetu cha kupanga, akiwa kipofu kabisa, wewe unamshika kidole kumpeleka chooni na kumwelezea rangi za nguo za wapita njia. Hujui alivyofika pale. Ulikuwa bado unanyonya.

Ilikuwa miaka ile kule mlimani Kapsokwony kulipochafuka. Watu wa pale juu walianza kuuana kwa ajili ya mashamba, na kila upande ulitafuta silaha. Mimi nilikuwa tayari nimeolewa huku. Babu yako alibaki na yale magobore mawili, lake na lile fupi, na siku moja alimwomba jirani ampeleke kituo cha polisi, akayakabidhi yote. Majirani walimwona mjinga. Walimwambia, "Mzee, wakati huu ndio mtu anatupa bunduki?" Akasema yeye alikuwa nayo kwa ajili ya nguruwe.

Baada ya muda wakaja vijana nyumbani kwake, mchana. Baadhi aliwajua kwa sauti; alikuwa amewapa mahindi ya kuchoma walipokuwa wadogo.

"Mzee, tumekuja kuchukua ile kitu."

"Sina. Nilirudisha."

"Usitubebe ujinga. Iko wapi?"

"Tafuteni."

Walipindua nyumba. Walimpiga, ingawa alikuwa mzee na haoni. Halafu wakachoma jiko na ghala, wakaondoka. Alitembea mpaka barabarani akishika ua, na watu waliokuwa wakikimbia wakamchukua hadi Kitale. Tukaishi naye Kipsongo, sisi wote katika chumba kimoja, hadi alipofariki.

Nilimuuliza siku moja kama hakujuta. Kama angekuwa nalo angalau moja. Alikuwa amekushika wewe mapajani.

"Ningekuwa nalo," akasema, "ningewapa, au ningewapiga nalo. Na leo ningekuwa nimemshika mtoto huyu kwa mikono gani?"

Sikuambii haya ili ukatae zawadi ya watu. Kule kuna sheria zake, kuna msimu wake, watu wanakula nyama wanayopiga, na Aunti Sella anasema huyo mumewe ni mtu mpole. Naona hata utaipenda kazi ile, kama nilivyoipenda mimi. Utapenda kukaa kimya kabla jua halijatoka. Nakuambia ili siku ukiwa na bunduki yako, ujue pia njia ya kuiacha. Kama siku moja mtu atakuja nyumbani akiwa na hasira, au wewe mwenyewe utakuwa na huzuni ambayo huielewi, itoe nyumbani, mpe mwenye akili timamu akuhifadhie, na usione aibu. Na kama utafika dukani, ukishika moja baada ya nyingine, ukasikia moyo unasema hapana, toka mikono mitupu. Mwambie Anko asante. Hakuna atakayekucheka huku.

Nasikia pikipiki nje. Mmerudi, na mmelowa.

Nimeandika hapo juu na kusimama. Wewe umeingia chumbani kubadilisha nguo, unaimba. Baba yako amekuja jikoni akaniona na karatasi hizi zote.

"Unamwandikia nini na bado yuko hapa?"

"Habari za bunduki."

Nilidhani atatoka tena. Amevua koti, amelitundika, akaketi mbele yangu. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye masikio.

"Umemwambia achague gani?"

"Nimemwambia ya fataki, ya mkono wa kushoto."

Akaitikia kwa kichwa kana kwamba analijua jambo hilo siku nyingi. Akauchukua mkono wangu huu, akaushika kama anavyoushikaga kanisani, bila kuutazama.

"Mwandikie pia kutoka kwangu," akasema. "Mwambie akipiga mnyama wake wa kwanza, atume picha. Lakini nisione huyo mnyama. Anitumie ya uso wake tu. Nataka kuona uso wake uko aje."

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Tafadhali usisahau, kwa sababu mimi pia nitakuwa nasubiri picha hiyo.

Mama yako